Kitanda cha Arobaini

Mwanangu Jasmin ameolewa Mapinga, lakini kwetu uzazi wa kwanza huwa nyumbani kwa mama. Alikuja na mimba ya miezi minane, nikampokea, nikampeleka hospitali, nikamrudisha na Farhan wake mkononi, na siku hiyohiyo nikaanza kuhesabu arobaini. Siku hizo arobaini ni zangu. Mimi ndiye wa kumkanda kwa maji ya moto, wa kumpikia uji wa pilipili manga, wa kumwosha mtoto. Zikiisha, namrudisha kwa mumewe amenawiri, na watu wa Mapinga waseme huyu kweli ana mama. Mzazi akiondolewa kwao kabla ya arobaini, Bagamoyo nzima itauliza kulikuwa na nini ndani ya nyumba hiyo, na Bagamoyo ikiuliza jambo huwa jibu inalo tayari.

Siku ya kumi na mbili, Jumapili, mtoto akaamka na vipele. Vitatu shavuni, vimefuatana, na vingine vinne mkononi. Kabla sijajua la kufanya, baba yake alikuwa ameshapigiwa simu ya video, ameshapiga picha kioo cha simu yake, na ameshamrushia mama yake. Vijana wa siku hizi hawana subira hata ya kunywa chai kwanza.

Saa nne hivi ikaja sauti ya Bi Hajra, mkwe wa mwanangu, kwenye WhatsApp. Bi Hajra ni mwanamke mpole, na upole wake ndio ninaouogopa.

"Bi Maulida, asalaam alaykum. Nimeona uso wa mjukuu wetu. Anatafunwa na nini mtoto? Ijumaa baada ya sala nitakuja kumtazama. Nikimkuta bado yuko hivi, nitawachukua wote wawili, arobaini wamalizie kwangu. Usinielewe vibaya, dada yangu."

Nilimwelewa vizuri sana. Nilikuwa na siku tano.

Majirani walikuja kusaidia, yaani walikuja kunichosha. Wa kwanza akasema ni joto. Wa pili akasema ni hasad, mtoto mzuri mno, apakwe wanja na anyweshwe kombe la aya za Kurani. Wa tatu, aliyekuwa amekaa kwenye jamvi langu anakunywa kikombe cha pili cha chai yangu, akasema maziwa ya Jasmin yamechemka kwa sababu ya pilipili manga ninayomtilia kwenye uji. Huyo nilimwambia mume wake anamwita.

Mbu hawakuwa. Chandarua kilikuwa kipya, cha kliniki, na nilikichomeka chini ya godoro pande zote nne. Mbu angetaka kuingia mle ingebidi aombe ufunguo.

Na kitanda chenyewe si cha kuokota. Ni samadari ya marehemu mama mkwe wangu, yenye nguzo nne za kuchonga na ubao wa kichwani uliojaa maua na matundu ya nakshi. Kila mwanamke wa ukoo wa Bwanausi, mume wangu, amelala arobaini yake juu ya kitanda hicho. Mimi nimelala, na dada yake Bwanausi, wifi yangu Shadya, naye amelala. Kinakaa kwangu kwa kuwa Bwanausi ndiye mkubwa wao, na uzazi ukitokea nyumba nyingine ya ukoo kinapakiwa kwenye mkokoteni kinapelekwa, kisha kinarudi. Mwaka jana kilikwenda kwa Shadya, mwanawe Samia alipojifungua. Kilirudi mapema, kwa sababu wakwe zake Samia walimtoa kabla ya siku zake kutimia. Kunguni, ndivyo ilivyosemekana. Na aliyesema zaidi ya wote, nakiri kabisa, nilikuwa mimi.

Jumatatu asubuhi nikaenda kwa Bwana Taher. Duka lake liko mtaa wa zamani, anauza misumari, kamba, mitego ya panya na kila aina ya sumu, kama alivyouza baba yake na babu yake. Bwana Taher ni muungwana, lakini ana kichaa kimoja. Hakuuzii dawa ya wadudu mpaka ajue ni mdudu gani.

"Nataka dawa ya wadudu," nikamwambia.

"Wadudu gani, Bi Maulida?"

"Wanaouma."

"Hata mbwa anauma. Anauma saa ngapi? Mahali gani pa mwili? Vipele vimetawanyika au vimefuatana?"

Nikamwambia nimekuja dukani, sikuja mahakamani. Hakukasirika. Alivua miwani, akaifuta, akaanza darasa.

"Mbu hutawanya. Kiroboto huanzia chini, kwenye vifundo vya miguu, kwa sababu anaruka kutoka sakafuni. Papasi hukaa kwenye sakafu ya udongo na nyufa za ukuta, na huyo si wa mchezo, anaacha homa inayokuja na kuondoka na kurudi tena. Mtoto ana homa?"

"Hana."

"Alhamdulillahi. Mende haumi, lakini anatoka chooni anapita kwenye sahani yako, utaharisha. Na mwenye pumu hubanwa kifua kwa sababu ya mavi yake. Kila mmoja ana dawa yake, na dawa ya huyu kwa yule ni manukato tu. Niletee mwenyewe kwenye kiberiti nimwone."

Nilitoka bila dawa. Fikiria, mtu mzima na pesa yangu mkononi, nanyimwa bidhaa mpaka nikawinde.

Nikawinda. Nikatoa vyombo vyote kabatini, nikasogeza jokofu ambalo halijasogezwa tangu linunuliwe, na huko nyuma yake nikakuta mende wa kutosha kufungua nao shule. Nikampeleka mmoja kwenye kiberiti. Bwana Taher akamtazama, akaniuzia dawa ya mende ya kupaka kwenye pembe, akaniambia nifunike chakula na nisiache vyombo vichafu usiku. Kisha akasema, "Lakini si huyu aliyemuuma mtoto."

Jumanne nikamshika paka wetu. Alinikwaruza mkono mpaka kwenye kiwiko, lakini kiroboto nilimpata. Bwana Taher akafungua kiberiti, kiroboto akaruka, akatupotelea wote wawili kwenye gunia la misumari.

"Ni kiroboto," akasema. "Mwogeshe paka, anika matandiko yake. Lakini mjukuu wako ana siku kumi na nne. Anatembea?"

"Anatembea wapi, Bwana Taher?"

"Basi kiroboto wa sakafuni atamfikaje shavuni? Endelea kutafuta."

Siku hiyohiyo, nyuma ya gunia la mchele, nikakuta mavi ya panya, nikafagia kwa hasira, vumbi likanijaa puani. Nilipomsimulia Bwana Taher kwa simu, nusura anikaripie. Mavi ya panya hayafagiwi makavu, alisema, yanalowanishwa kwanza kwa maji yenye dawa, kisha yanafutwa kwa kitambaa, kwa kuwa mikojo na mavi yake yana magonjwa. Na mchele ulioguswa unatupwa. Nikatupa nusu gunia. Nyumba niliyodhani ina watu watatu na mtoto mchanga, kumbe ina wapangaji wengi kuliko gesti, na aliyenihusu hasa nilikuwa bado sijamwona.

Na Jasmin naye alizidi kunichosha. Mzazi kazi yake ni kulala, kula na kunyonyesha. Yeye nilimkuta alfajiri uani anafua mashuka kwa maji baridi. Nikamfokea. Nikamwambia maji baridi yatamwingia kwenye mifupa, halafu watu wa Mapinga watasema nimewarudishia mgonjwa. Akaendelea kusuuza. Mchana nikamkuta amelala kwenye kiti cha mbao, shingo imepinda, mtoto mapajani, na samadari nzima iko tupu mbele yake. Nikamfokea tena. Akanitazama kwa macho mekundu, akasema, "Nimesinzia tu, Mama." Nikaenda zangu kupika uji, nikilalamika mpaka jikoni.

Jumatano asubuhi, Jasmin akiwa anaoga, niliingia kutandika. Mwanga wa dirishani ulikuwa unapiga ubao wa kichwani, nikaona kwenye mojawapo ya yale maua ya nakshi kuna vitone vyeusi vidogovidogo, kama mtu amejaribu kalamu. Nikavikwaruza kwa ukucha. Havikuwa uchafu wa kawaida. Nikachomoa pini kichwani, nikaiingiza kwenye tundu la ua.

Wakatoka. Mmoja, kisha wanne, kisha sikuhesabu. Bapa kama punje za dengu, rangi ya kahawia, wamenona kwa damu ya mwanangu na mjukuu wangu, wanatembea bila haraka kama watu walio kwao. Nikamponda mmoja kwa kidole. Harufu yake ilikuwa ya kotmiri iliyooza.

Nikamtia mmoja kwenye kiberiti, nikapita vichochoro ili nisikutane na mtu, nikaingia dukani kwa Bwana Taher. Kulikuwa na wateja watatu, wawili nawajua. Nikasogea karibu na meza, nikamsukumia kiberiti, nikamnong'oneza, "Tazama, taratibu."

Akafungua, akatazama, akasema kwa sauti ya mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta, "Kunguni!"

Wateja wote watatu wakageuka. Mmoja akasogeza kikapu chake mbali na nguo zangu. Wallahi, nilitamani yale magunia ya misumari yanifunike.

"Haiwezekani," nikamwambia. "Nyumba yangu inafagiwa mara mbili kwa siku."

"Kunguni hajali ufagio, Bi Maulida. Hataki uchafu, anataka damu. Haruki, hatembei mbali, anabebwa. Anapanda begi, mkeka, godoro, au kitanda kilichotoka nyumba nyingine. Mchana anajificha kwenye nyufa karibu na mtu anapolala, alfajiri anatoka kula. Hatujui ugonjwa anaoambukiza, lakini mtoto akijikuna akapata vidonda, vidonda huoza. Na mtu asiyelala siku kumi naye ni mgonjwa."

Akaniambia la kufanya. Kitanda kifunguliwe vipande, kila tundu limiminiwe maji yanayochemka. Godoro lifungwe kwenye nailoni nyeusi lianikwe juani siku nyingi. Nguo zote zichemshwe. Dawa ipo, atanipa, ipakwe kwenye nyufa tu, na irudiwe baada ya wiki mbili kwa sababu mayai hayafi mara ya kwanza.

"Na mtoto mchanga asilale humo," akamalizia, "wala nyumba hiyo mpaka kazi iishe. Weka wiki tatu, uwe na uhakika."

Wiki tatu. Arobaini yangu ilikuwa imekwisha palepale dukani.

Lakini njiani neno moja likanirudia: kitanda kilichotoka nyumba nyingine. Nikasimama katikati ya njia. Shadya! Kitanda kilitoka kwa Shadya! Nasema kweli, nilifurahi. Nilifika nyumbani karibu nikikimbia, kwa kuwa sasa nilikuwa na jibu la kumpa Bi Hajra Ijumaa. Hawakuwa wangu wale kunguni. Ni wa wifi yangu, na mtu yeyote mjini angeniamini, maana habari za kunguni wa Shadya walikuwa nazo tayari, nimewapa mwenyewe.

Nilimkuta Bwanausi uani na bomba lake la shamba mgongoni. Ana mikorosho Kiwangwa, na asubuhi nilimwambia kwa hasira alete dawa yoyote kali aliyonayo. Alikuwa ameshaichanganya dawa ya mikorosho, harufu imejaa uani, bado hatua tano aingie chumbani kwa mzazi.

"Simama," nikamwambia. "Dawa ya shamba haiingii ndani. Unataka kuua kunguni au mjukuu wako?"

"Wewe ndiye uliyesema nilete."

"Nilisema nikiwa sijui. Sasa najua. Na najua walikotoka. Dada yako alitumia kitanda cha mama yenu, akatuletea uchafu wake ndani ya nakshi. Ijumaa namweleza Bi Hajra, neno kwa neno."

Bwanausi akashusha bomba chini. Nimeishi naye miaka thelathini na moja, na maneno yake yote nadhani yangeenea kwenye daftari moja. Siku hiyo alijaza kurasa kadhaa.

"Kwa Shadya hakukuwa na kunguni kabla ya kitanda kwenda," akasema. "Alikuta wamo usiku wa kwanza. Lile godoro ulilonunua kwenye gesti iliyofungwa, la bei ya chee, uliliweka wapi?"

Nililiweka juu ya samadari. Lilikaa pale miezi miwili, kabla ya Ramadhani ya mwaka jana, mpaka nikaliona lina mabonde nikampa mnunua chakavu. Wiki iliyofuata ndipo kitanda kilipokwenda kwa Shadya.

"Na kitanda kiliporudi," akaendelea, "Shadya aliniagiza nikuambie ukitazame kabla ya kukiingiza ndani. Nikakuambia. Ukasema anatafuta pa kutupia aibu yake. Ukakiingiza hivyohivyo. Ndugu zangu wa Miono walikuja kukaa wiki nzima, wakalala juu yake usiku mmoja, wakaondoka wakisema shamba linawaita. Hukujiuliza?"

Sikujiuliza. Nilidhani ni mchuzi wangu.

"Kwa nini Shadya hakunisuta? Nilimsema kila mahali."

"Kitanda ni cha mama yake. Na nyumba hii ni ya kaka yake. Angekusuta wewe, angemwaibisha nani?"

Wahenga wamesema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nautumia usemi huo miaka yote kwa ajili ya watu wengine.

Nilipogeuka, Jasmin alikuwa amesimama mlangoni, mtoto begani. Sijui alisikia kuanzia wapi.

"Niliwaona usiku wa pili, Mama," akasema.

"Uliwaona nini?"

"Kunguni. Usiku wa pili tangu tutoke hospitali. Nilikuwa nakaa kitini namlaza mapajani mpaka kunakucha. Nikizidiwa na usingizi, namweka kitandani kidogo. Ndipo wanapompata."

Nikaelewa mashuka ya alfajiri. Alikuwa anafua matone ya damu nisiyaone.

"Siku zote hizi, Jasmin. Kwa nini hukusema?"

Alimhamisha mtoto bega la pili kwanza.

"Kwa sababu nilikusikia ulivyomsema Samia. Kwenye harusi moja mwaka jana, mbele ya watu, ulisema kunguni huwa hawamfuati mwanamke msafi, na kwamba labda amewabeba mwenyewe kutoka kwa mumewe. Samia alikuwa amekaa nyuma yako na mtoto. Nikajua nikikuambia, utasema nimewaleta mimi kutoka Mapinga."

Nilitaka kusema nisingesema hivyo. Lakini dakika tatu tu zilizopita nilikuwa nimesimama uani nimeshamhukumu mtu mwingine, tena kwa raha. Niliona haya, haya ya kweli, ile inayokufanya usijue mikono uiweke wapi. Mtoto wangu wa kuzaa alikesha karibu wiki mbili juu ya kiti cha mbao kwa kuwa kunguni aliwaogopa kidogo kuliko mdomo wangu.

Alhamisi nikaenda kwa Shadya. Sikuwa nimekanyaga kwake tangu mwaka jana. Nilimkuta barazani anachagua mchele kwenye ungo, akitupa mawe upande mmoja na fukusi upande mwingine. Nikapiga hodi, akaniitikia karibu, hakusimama. Nikakaa kwenye ukingo wa baraza, mbali kidogo, kwa kuwa sikujua nguo zangu zimebeba nini.

Nikamwambia yote, godoro la gesti, agizo lake nililolipuuza, na maneno yangu ya harusini. Sikujitetea, ingawa ulimi ulikuwa unaniwasha. Yeye aliendelea kuchagua mchele. Punje zilikuwa zinalia kwenye ungo.

"Samahani, wifi," nikamaliza. "Nilikukosea, na nilimkosea Samia zaidi."

"Bi Hajra anakuja lini?" ndilo alilouliza.

"Kesho, baada ya sala."

"Utamwambia nini?"

"Nilivyokuambia wewe."

Akapepeta ungo mara moja, makapi yakaruka. "Usimtukane mkunga na uzazi ungalipo," akasema, bila kunitazama. "Haya. Nenda kamwangalie mzazi wako."

Nikarudi nyumbani sijui kama nimesamehewa au nimefukuzwa. Usiku ule, kama uliotangulia, Jasmin na mtoto walilala sebuleni juu ya mkeka mpya wa plastiki, katikati ya sakafu, mbali na kila ukuta, na mimi nikakaa kando yao na tochi.

Ijumaa Bi Hajra alifika na kapu la maembe na nguo mpya za mtoto. Tukasalimiana kwa urefu wake wote, habari za huku na za huko, mpaka salamu zikatuishia. Akamchukua Farhan, akamvua fulana. Vipele vya zamani vilikuwa vinakauka, lakini kimoja shingoni kilikuwa kimeanza kutoa usaha. Akakigusa kwa upande wa kidole, akaniinulia macho.

"Ni nini, Bi Maulida?"

Neno lilikuwa mdomoni. Ningesema "kitanda kimetoka kwa wifi yangu," na lisingekuwa uongo hata kidogo. Kilikwenda kwake, kikarudi, nani angeuliza kilikuwa na nini kabla ya kwenda?

"Kunguni," nikasema. "Wametoka kwangu. Nilinunua godoro la gesti, nikaliweka kwenye kitanda cha wazazi. Mwaka jana nikampelekea wifi yangu Shadya kitanda hicho na kunguni wake, kisha nikamtangaza yeye kuwa mchafu. Mjukuu wetu ameumwa kwa sababu yangu. Jasmin hana kosa."

Jasmin aliinamisha kichwa. Bi Hajra akamvalisha mtoto fulana polepole, mkono baada ya mkono.

"Nakushukuru kwa kusema ukweli," akasema. "Lakini siwezi kumwacha mtoto humu ndani."

"Wala mimi siwezi kumwacha," nikamjibu. "Dawa inataka wiki tatu."

"Basi Jasmin, mama, kusanya vitu vyako."

Nilisimama kwenda kumsaidia. Nilikuwa najua jinsi itakavyokuwa, bajaji mlangoni, majirani wametoka kila mmoja na sababu yake ya kufagia, na mzazi wangu anaondoka siku ya kumi na saba.

"Hodi hapa."

Alikuwa Shadya. Amevaa buibui lake zuri, na mkononi ana mfuko wa plastiki wenye kanga mbili zilizopigwa pasi. Jasmin akamwamkia, "Shikamoo, shangazi," akaitikia marahaba, akamsalimu Bi Hajra kwa heshima zote, akakaa karibu naye. Mimi alinipita kama kiti.

"Bi Hajra," akasema, "mimi ni dada yake Bwanausi. Huyu binti ni damu yangu, na kwangu ni kwao kama hapa. Nyumba yangu ilikuwa na kunguni mwaka jana. Nilichemsha kila uzi, nikabomoa hata fremu za milango, na sasa ni miezi minane sijaona hata mmoja. Njoo uikague mwenyewe, ufunue kila godoro. Ukiridhika, mzazi na mtoto wakae kwangu. Nguo zao waziache hapa, nimewaletea za kubadili."

Bi Hajra alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena yeye. "Baada ya aliyokufanyia?" akauliza.

Shadya alinyoosha mikono, Bi Hajra akampa mtoto. Akamgeuza kidogo kuelekea dirishani, akakiona kile kipele cha shingoni, uso ukamsinyaa kana kwamba kimemuuma yeye.

"Leo siku ya ngapi?" akaniuliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu aingie.

"Ya kumi na saba."

"Samia wangu walimtoa siku ya kumi na tisa," akasema. "Mvua inanyesha, mtaa mzima uko mlangoni, na wewe, wifi, ulikuwa mbele yao. Hakuna siku niliyolia kama ile." Akamfunika mtoto kichwa kwa upande wa kanga, akasimama. "Huyu wako atamaliza arobaini."